Nani Ameshika Mzani wa Sauti?

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Bariadi, mkoani Simiyu, hubadilika sauti. Malipo yakishatoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mtu hununua bati, huongeza ndama, humlipia mtoto ada, na chenji inayobaki, kama ipo, huelekea duka la vifaa vya umeme kutafuta sabufa. Huko ndiko hesabu za ajabu zinakoanzia. Katoni limeandikwa kwa herufi nene: wati 12,000. Igeuze spika yenyewe, usome kibati kidogo kilichobandikwa nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia: inakula wati 60.

"Baba, hii ukiiwasha hapa wanaisikia Itilima," kijana wa dukani anamwambia mteja.

"Sasa hizo elfu kumi na mbili zinatoka wapi, na umeme wenyewe inakula sitini?"

"Hizo za nyuma ni za umeme, baba. Za mbele ni za muziki."

Jibu tamu, ila halisimami. Spika haizalishi nguvu. Inapokea umeme na kuugeuza sauti, na sehemu kubwa ya umeme huo inaishia kuwa joto. Ni kweli kwamba akiba ndogo iliyo ndani ya kapasita inaweza kutoa mshindo wa ghafla unaozidi kile kinachoingia kwa wakati ule, lakini si mara mia mbili. Zile herufi nne zinazoifuata tarakimu ya katoni, PMPO, hazina kanuni moja inayokubalika duniani. Kila kiwanda hukokotoa kinavyopenda. Na hakuna anayeiandika tarakimu ile ili mnunuzi ajue kitu. Imeandikwa kwa sababu katoni la jirani kwenye rafu limeandikwa 10,000.

Ni rahisi kudhani huu ni ujanja wa bidhaa za bei ya chini na wanunuzi wasiosoma kibati. Lakini wapenzi wa sauti safi wa Ulaya na Marekani, watu wanaoweza kununua jozi ya spika kwa bei ya trekta, wamegombana kwa zaidi ya miaka kumi juu ya jambo hilihili. Ugomvi wao unahusu muziki wa mtandaoni unaouzwa kwa jina la ubora wa juu, yaani muziki uliopimwa kwa tarakimu kubwa kuliko za CD, na kulipiwa zaidi.

CD iliingia sokoni mwaka 1982. Inachukua vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Tarakimu hizo hazikuokotwa njiani. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde hivi, na hisabati ya Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba ukichukua vipimo zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaoutaka, umeubeba mzima. Hakuna kilichodondoka katikati. Biti 16 nazo zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti hafifu kabisa na kishindo kikubwa kabisa. Chumba kilichotulia usiku kina kelele ya desibeli 30 au karibu na hapo. Atakayetaka kuitumia nafasi yote hiyo juu ya utulivu wa chumba chake atafika mahali masikio yanapouma.

Muziki wa ubora wa juu huongeza tarakimu hizo: biti 24, vipimo 96,000 au 192,000 kwa sekunde. Studio zina sababu nzuri ya kutumia biti 24, kwa kuwa fundi anayerekodi hajui mwimbaji atapaza sauti kiasi gani, na anahitaji nafasi ya kupunguza na kuongeza bila kuharibu. Lakini mahitaji ya jikoni si mahitaji ya mezani. Wimbo ukishakamilika, swali linabaki kwa msikilizaji: je, anasikia tofauti?

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society jaribio lao. Walichukua sauti ya ubora wa juu, mara wakaiacha ilivyo, mara wakaipitisha kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD, kisha wakawauliza wasikilizaji ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8. Kurusha shilingi kungetoa matokeo yaleyale. Miaka tisa baadaye Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000, akakuta asilimia 52.3, na kwamba waliofundishwa kwanza nini cha kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo anayesema hakuna tofauti yoyote amezidisha. Tofauti inaweza kuwapo, ndogo sana, kwa masikio machache, ndani ya chumba kilichoandaliwa. Hiyo siyo tofauti inayotangazwa.

Majaribio ya aina hii yana sharti moja ambalo wauzaji hawalipendi: sauti zote mbili lazima ziwe na ukubwa sawasawa, zisiachane hata kwa robo ya desibeli. Ikipanda moja kidogo tu, sikio halitasema "hii imepanda", litasema "hii ni safi zaidi". Kila mwenye duka la spika anaijua siri hiyo kwa vidole, hata kama hajawahi kuisoma popote. Anapowasha ile anayotaka uinunue, kitufe cha sauti hakibaki kilipokuwa.

Kisa kilichowasha moto kilianza mwishoni mwa 2014. Kampuni ya Meridian ya Uingereza, kupitia mhandisi wake Bob Stuart, ilitangaza mfumo ulioitwa MQA. Ahadi yake ilikuwa kubwa: muziki wa ubora wa juu kabisa utakunjwa ndani ya faili dogo, kisha kifaa cha msikilizaji kitaukunjua, na taa ndogo ya rangi itawaka kumthibitishia kuwa anachosikia ndicho kilichoidhinishwa studio. Tidal, huduma ya muziki wa mtandaoni, waliuingiza mfumo huo Januari 2017 katika daraja lao la bei ya juu, wakaziita rekodi hizo Masters. Watengenezaji wa vifaa walilipia leseni, nao wasikilizaji wakalipia vifaa na kila mwezi wakalipia huduma. Tatizo ni kwamba mtu wa nje hakuwa na njia ya kuingiza sauti anayoijua upande mmoja na kuangalia kilichotoka upande wa pili. Mzani ulikuwa wa mwenye mali.

Mwaka 2021 mtu mmoja anayejulikana kwa jina la GoldenSound alipata upenyo. Alitengeneza rekodi yake, akaficha ndani yake ishara za kupimia, akaipeleka Tidal kwa njia ya kawaida ambayo msanii yeyote angepitia, kisha akaishusha tena na kuilinganisha na ya kwanza. Alikuta kelele na mabadiliko ambayo hayakuwamo alipoituma. Wenye MQA walijibu kwamba ishara zile si muziki, na mfumo wao uliundwa kwa ajili ya muziki halisi. Hoja hiyo ina uzito wake. Hakuna anayekaa sebuleni kusikiliza ishara za kupimia. Lakini hao hao ndio walioahidi kwamba hakuna kinachopotea, na kupotea hakuchagui. Aprili 2023 kampuni ya MQA iliwekwa chini ya msimamizi, baadaye mwaka huo ikanunuliwa na Lenbrook ya Kanada, na Julai 2024 Tidal wakaachana nayo, wakabaki na FLAC, njia ya wazi ya kubana muziki bila kupoteza kitu, ambayo yeyote anaweza kuikagua.

Kisa cha pili kinanifikirisha kuliko hicho. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa ikiuza santuri za bei ghali, na wanunuzi wake waliamini kwamba zilitoka moja kwa moja kwenye utepe wa asili bila kupita hatua yoyote ya kidijitali. Walizisifia kwa miaka. Walisema wanasikia joto la utepe, pumzi ya mwimbaji, upana wa ukumbi, vitu ambavyo kwa imani yao tarakimu huviua. Mwaka 2022 ilibainika kwamba nyingi ya santuri hizo zilikuwa zimepitia nakala ya kidijitali, na hali hiyo ilikuwa imeendelea kwa zaidi ya muongo. Shauri likafunguliwa, kampuni ikakubali kurudisha fedha.

Waliokuwa wa kwanza kushuku hawakushuku kwa masikio. Kampuni ilikuwa imetangaza kutoa nakala 40,000 za albamu ya Thriller ya Michael Jackson kwa mtindo wake wa kifahari, mtindo unaohitaji kuchonga bamba jipya kila baada ya idadi ndogo ya santuri. Watu wakapiga hesabu: kwa idadi hiyo utepe wa asili ungelazimika kuchezwa makumi ya mara, na hakuna mwenye hazina kama ile atakayekubali iburuzwe kiasi hicho. Kuzidisha na kugawanya kwa darasa la nne kukaona kile ambacho masikio yaliyonolewa kwa miaka na mitambo ya mamilioni hayakukiona.

Mtu wa Simiyu hapaswi kushangaa. Ardhi hii ina historia ndefu ya kubishana na mzani. Enzi za ukoloni mkulima wa Usukuma alifikisha pamba yake kwa mnunuzi, akaitazama ikipandishwa, akaambiwa uzito. Alijua alichobeba, maana alikuwa amekibeba kichwani. Lakini shingo si ushahidi, na mzani ulikuwa wa mnunuzi. Kutokana na uchungu huo wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani aliwaunganisha, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kama VFCU, ambalo kabla ya uhuru lilikuwa limeshika karibu biashara yote ya pamba ya kanda. Shirikisho lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa ya Afrika lilianza na dai dogo: mtu wetu naye asimame kwenye mzani.

Historia hiyo haina malaika. Kulikuwa na wakulima waliomwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili iwe nzito. Na ushirika wenyewe ulipokwisha kuukamata mzani, malalamiko yakahamia kwake. Mwaka 1966 serikali ililazimika kuunda kamati maalumu ya kuuchunguza ushirika nchi nzima. Kumbe dawa haikuwa kubadilisha mwenye mzani tu. Dawa ni kipimo ambacho kila upande unaweza kukirudia na kupata jibu lilelile. Leo Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya pamba na kuipiga muhuri, na anayenunua bila muhuri anavunja sheria. Sauti haina muhuri. Neno HD linaweza kubandikwa juu ya chochote, na hakuna afisa atakayekuja kulibandua.

Hapa kwetu linabandikwa kweli. Nenda kwenye kibanda chochote wanaporusha nyimbo kwenye memori kadi, uchukue wimbo wa ngoma wa Kisukuma unaotamba msimu huu. Jina la faili linaishia na 320kbps, na pengine HD kwa kukazia. Kilobiti 320 kwa sekunde ndicho kiwango cha juu kabisa cha MP3, na MP3 ya kiwango hicho iliyotengenezwa vizuri ni vigumu mno kuitofautisha na CD. Sasa lifungue faili hilo kwenye Spek, programu ya bure inayochora picha ya sauti: muda unakwenda kulia, mitetemo inapanda juu, rangi inaonyesha nguvu. Utaona ngoma zimejaa chini kama moto, sauti ya mwimbaji katikati, kisha ukifika kilohezi 16, yaani mitetemo 16,000 kwa sekunde, kila kitu kinakatika kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa rula. Juu yake ni giza tupu. Mara nyingi hiyo ni alama ya faili lililowahi kubanwa hadi kilobiti 128, kisha mtu akalivimbisha tena kuwa 320. Tarakimu iliyoandikwa ni ya kweli kwa maana moja pekee: faili lina ukubwa huo. Kilichotupwa hakikurudi.

Uongo huo una bei, na bei yenyewe ni bando. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 128 una MB 4 hivi. Kwa 320 unakaribia MB 10. Kwa kiwango cha CD bila kubanwa ni MB 42. Na kwa biti 24 na vipimo 192,000 unafika MB 276, hata kama FLAC inaweza kuupunguza kwa karibu nusu. GB moja inabeba nyimbo 250 za aina ya kwanza na tatu na kitu za aina ya mwisho. Mtu anayeshusha 320 ya kuvimbishwa amelipa zaidi ya maradufu kwa kitu kilekile. Naye anayelipia ubora wa juu kila mwezi, halafu akausikiliza kwa spika ya Bluetooth, amelipia mzigo ambao Bluetooth ya kawaida itaubana upya na kutupa sehemu yake kabla haujafika sikioni.

Tena kuna hasara ya kweli ambayo ubishi wa biti 24 unaifunika. Muziki wa Wasukuma una njuga. Wachezaji huzifunga miguuni, na kila wanapokita ardhi chuma hulia kwa mlio mkali, mfupi, wenye mitetemo mingi ya juu inayotokea na kukoma kwa ghafla. Sauti za namna hiyo, kama makofi na matoazi, ndizo zinazoisumbua MP3 ya kiwango cha chini kuliko zote. Wimbo ukibanwa studio, ukarushwa WhatsApp, ukabadilishwa tena ili kuchomekwa sauti ya tangazo la DJ, ukabanwa mara nyingine njiani, njuga haziwi njuga tena. Zinakuwa mchirizo wa maji, shshsh moja isiyo na miguu ndani yake. Hilo halihitaji sikio la dhahabu. Mzee aliyecheza ngoma ya bugobogobo ujanani atakwambia mara moja kuwa kuna kitu kimekufa, hata asipojua kilobiti ni nini.

Linganisha na rekodi alizozichukua mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950, ambazo zimehifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha, sasa iko Rhodes University, Afrika Kusini. Ni mono. Kwa kipimo cha mabango ya leo hazifikii hata nusu ya CD. Lakini Tracey alikuwa na mazoea ya kushika kipaza sauti kwa mkono wake, akisogea karibu na chombo kinachobeba wimbo wakati huo, na uamuzi wa mkono ule unasikika mpaka leo. Ubora mwingi wa sauti huamuliwa kabla tarakimu yoyote haijaandikwa: kipaza sauti kiko wapi, nani amekishika, na anajua anasikiliza nini.

Wasukuma wenyewe wana utaratibu wa zamani wa kuamua ubora bila tarakimu. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa vizazi, huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wako huru kuhama kutoka upande huu kwenda ule. Atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Katika sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, utaratibu huo unaendelea kila mwaka. Ajabu ni kwamba hata hapo shaka haikosekani: upande ulioshindwa husema wenzao walitumia dawa ya mvuto, kwamba umati haukuifuata ngoma, ulivutwa. Wale waliosikia joto la utepe kwenye santuri zisizo na utepe nao walivutwa, na dawa yao ilikuwa maandishi ya kwenye jalada.

Kwa hiyo sidharau utamu, na wala sidai kila raha ipitie maabara. Anayesema santuri yake ni tamu ametoa ushuhuda wa moyo wake, na ushuhuda huo haupingwi kwa mashine. Kijana wa dukani angesema tu "sikiliza inavyopiga", mteja angesikiliza, akapenda au akakataa, na biashara ingekuwa halali. Ubishi unaanza anapotaja wati, biti, kilohezi. Hapo ameuacha uwanja wa ngoma na kupanda mwenyewe kwenye mzani, na aliyepanda kwenye mzani hawezi kudai tena kwamba mambo haya ni ya hisia. MQA walifanya hivyo: walitangaza kwa lugha ya vipimo, na walipopimwa wakajitetea kwa lugha ya muziki.

Maswali ya kumuuliza mtaja tarakimu hayazidi matatu. Nani aliipima? Kwa kifaa gani? Naruhusiwa kuipima tena? Hayahitaji digrii ya uhandisi, na majibu yake hayategemei umri wa masikio yako. FLAC inayajibu yote matatu. Faili lililovimbishwa linakwama kwenye la kwanza. Na fedha itakayookolewa kwa kutonunua tarakimu hewa ina mahali pa kwenda hapahapa: kwa fundi wa studio ndogo ya Bariadi aongeze kipaza sauti cha pili, akiweke chini karibu na miguu ya wachezaji, na aukabidhi wimbo kwa dunia kabla haujabanwa hata mara moja.